Krem ya Beni, Miaka Ile ya Vita

Nilizaliwa Butembo, juu milimani, mahali ambapo asubuhi za mwezi wa saba watu husalimiana huku mkono mmoja ukiwa bado ndani ya koti. Kwetu barafu ilikuwa neno la shuleni. Beni ni mambo mengine. Ukiteremka kutoka kwetu, unavua koti njiani, kisha pulova, na ukifika mjini joto linakupokea kabla ya watu. Hapo zamani wazungu walikuja Beni kwa ajili ya milima ya Ruwenzori na wanyama wa mbuga. Walipanda mlima, wakashuka na pua zilizobabuka, wakaenda hotelini kuomba kitu cha baridi. Ndiyo sababu mji ule, ulio mbali na bahari na mbali na mji mkuu, ulijua krem ya barafu miaka mingi kabla yetu.

Mimi niliijua nikiwa na miaka ishirini na mitatu, wakati wa vita ya pili ya nchini mwetu, ile ya mwisho wa miaka ya tisini, na sikwenda kuitafuta.

Nilikuwa muuguzi mpya. Surua ilikuwa imeingia kati ya watu waliokimbia vijiji vyao na kujibanza pembeni mwa Beni, katika madarasa ya shule na nyuma ya makanisa. Watoto walikuwa wanakufa. Daktari wetu wa Butembo alipata chanjo zilizoletwa na ndege ndogo, akazipanga katika masanduku manne ya baridi, akanikabidhi mimi na dereva wetu, mzee aliyekuwa amewaendesha watalii barabara ile miaka yote ya amani.

Daktari aliniambia jambo moja tu: “Chanjo hii ikipata joto, inakuwa maji. Utamudunga mutoto, mama yake atafurahi, na mutoto atakufa vilevile.”

Safari ile ilikuwa ya saa tatu. Sisi ilituchukua siku mbili. Kwenye bariyeri, kizuizi cha barabarani karibu na nusu ya njia, askari walituteremsha, wakateremsha na masanduku, wakachukua gari letu kwenda kubeba unga wao. Nilikaa kutwa nzima chini ya migomba, nikihamisha masanduku kila kivuli kilipohama. Sikufungua hata moja. Sanduku la baridi ukilifungua umelipunguzia maisha. Gari lilirudi jioni, limejaa vumbi la unga, na tukalala palepale kwa sababu barabara ilikuwa imefungwa.

Kesho yake tulipofika kituo cha afya cha Beni, muuguzi mkuu alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, na uso wake ulisema kabla ya mdomo. Frigo ya kutunzia chanjo pale kituoni ilikuwa ya petroli ya taa, na petroli ilikuwa imekwisha tangu mwezi uliopita.

“Nilituma barua Butembo,” alisema. “Hamukuipata?”

Hatukuipata. Nilifungua sanduku moja, nikasoma kipimo cha joto. Saba. Mwisho wetu ulikuwa nane. Mapakiti ya barafu tuliyotoka nayo Butembo yalikuwa maji matupu, yanachezacheza mkononi kama samaki. Kazi yetu ilikuwa ya siku sita, na siku ya kwanza ilikuwa haijaanza.

Nilitaka kulia. Dereva alinitazama, akavua kofia.

“Mwana,” aliniambia, “usilie bure. Mu joto hii, mwenye krem ya muzuri njo mwenye barafu. Tutafute krem.”

Basi nikatembezwa Beni nzima kutafuta krem, na vita ikiwa inaendelea. Kwanza tulikwenda hoteli ya zamani. Bustani ilikuwa bado na maua, lakini kwenye veranda walikuwa wamelala maofisa, na frigo zote zilikuwa zimekwisha kubebwa na askari kwenda upande wa mpaka. Pili tulikwenda kwenye duka la mfanyabiashara mmoja karibu na soko. Huyo aliuza maji ya sukari yaliyogandishwa ndani ya vifuko, mekundu na ya kijani. Dereva alinikataza hata kuonja.

“Hiyo haiko krem,” alisema. “Hiyo ni rangi.”

Na barafu yake mwenyewe ilikuwa imekwisha tangu asubuhi.

“Inabaki pa mama moja tu,” dereva alisema. “Ningeanza kwake, mais nilifikiri labda alikimbia.”

Hakuwa amekimbia. Tulisikia groupe yake, ile mashine ya kutoa umeme, ikinguruma kabla hatujaona nyumba. Hakukuwa na kibao. Palikuwa na ua wa matofali ya udongo, mimea ya marakuja, yale matunda ya pasheni, imepanda juu ya waya ikafanya paa la majani, na chini yake benchi mbili. Juu ya benchi zile walikaa akina mama watatu waliotoka sokoni, mchuuzi wa samaki wa Kyavinyonge, kule ziwani, na kikapu chake kati ya miguu, na askari wawili wamelaza bunduki mapajani. Wote walikuwa wanakula kimya, vijiko vidogo mkononi. Sijaona tena mahali ambapo watu wa namna ile walikaa pamoja bila mmoja kumwogopa mwenzake.

Mwenye nyumba alikuwa mama mnene wa miaka hamsini hivi, amefunga kitambaa kichwani na aproni nyeupe iliyopigwa pasi. Mbele yake palikuwa na ndoo ya mbao yenye mkono wa chuma, naye alikuwa anauzungusha bila haraka, mwili wote ukienda na kurudi. Ndani ya ndoo lilikuwamo kopo refu la chuma lenye maziwa, na kati ya kopo na mbao alikuwa amejaza barafu na chumvi ya Katwe, ile ya mawemawe. Baadaye nilijua habari yake. Alikuwa msaidizi wa jikoni katika ile hoteli, na mpishi mkuu alikuwa Mwitaliano aliyekataa kabisa kitu chake kiitwe krem. Alitaka kiitwe gelato. Vita ya kwanza ilipokuja, Mwitaliano aliondoka na mfuko mmoja, akamwachia ndoo. Watu wa Beni waliendelea kusema krem.

Dereva alimsalimia, akamweleza shida yetu. Mama aliendelea kuzungusha.

“Chanjo ya nini?”

“Ya surua, mama,” nilijibu.

“Siku ngapi?”

“Sita.”

Alizungusha tena mara tatu au nne, kama mtu anayemaliza sentensi. Halafu akaacha.

“Bandugu,” aliwaambia wale wa kwenye benchi, “mukule polepole. Hii njo ya mwisho. Siku sita krem hakuna.”

Askari mmoja alinung'unika kwamba kesho ilikuwa siku yake ya kupumzika. Nilianza kusema asante, nikianza na ile ya kikwetu, wasingya, nikaongeza ya Kifaransa na ya Kiswahili. Mama alinyanyua mkono.

“Kaa chini kwanza. Ukule. Mutu mwenye njaa hapana pangaka kazi muzuri.”

Akanipa bakuli dogo la udongo. Nilitia kijiko kizima mdomoni kama mtu anayekula uji, na kwa muda nilifikiri jino limevunjika. Kisha baridi ikalainika. Kwanza nilisikia marakuja, kali, ya kukufumbisha macho. Halafu maziwa yakaja taratibu nyuma yake. Na mwisho kabisa, wakati nilipofikiri imekwisha, harufu ya vanila ikabaki puani nilipovuta hewa. Vanila yenyewe aliilima nyuma ya choo chake, juu ya miti miwili. Krem yake ilikuwa laini kuliko kitu chochote nilichowahi kula, haina chembe hata moja ya barafu ndani yake. Nilimaliza, nikapangusa bakuli kwa kidole mbele ya watu wazima, na sikuona haya.

Hata leo nikionja krem mahali popote, Kampala, Kisangani, hata ile ya mashine za bei kubwa, ninangoja harufu ya mwisho ije. Mara nyingi haiji.

Barafu yake aliitunza ardhini. Nyuma ya nyumba alikuwa amechimba shimo refu kama kimo cha mtu, akalizungushia mbao, akalijaza machujo ya mbao, ule unga wa msumeno, kutoka kwa wapasua-magogo. Groupe ilifanya kazi saa chache kwa siku, frigo ikagandisha maji katika makarai, na vipande vile vya barafu alivizika katika machujo kama mihogo. Humo vilikaa siku tatu, nne, bila kuyeyuka sana. Nilikuwa na diploma ya uuguzi na sikuwa nimewahi kuona jambo lile.

Siku ileile, kisha kila alfajiri, nilimletea masanduku yangu. Alikata barafu kwa panga, akaipima kwa jicho, akaifunga katika vifuko, akavipanga yeye mwenyewe kuzunguka chanjo. Siku ya kwanza niliuliza kama tutie na chumvi, maana nilikuwa nimeona anavyofanya kwenye ndoo.

“Hapana, hapana! Chumvi inaleta baridi ya nguvu, mais inakula barafu. Kwa krem ni muzuri, mu saa moja unamaliza. Weye uko naenda mupaka jioni. Wacha chumvi.”

Alipenda mchezo mmoja. Jioni nikirudi, alitia mkono ndani ya sanduku kabla sijasoma kipimo, akafumba macho, akasema namba.

“Ine.”

Nilisoma. Nne.

“Sasa hii kioo yako ni ya nini?” aliniuliza, akacheka mpaka aproni ikatikisika.

Tulidunga watoto katika madarasa, chini ya maturubai, na siku moja kwenye uwanja wa kanisa la mama mwenyewe, kanisa la Kiprotestanti, ambako wanakwaya walishika watoto miguu ili wasiruke. Mimi ni Mkatoliki. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia kwao. Mistari ilikuwa mirefu hata sikuona mwisho wake. Kila nilipofungua sanduku na kuona chupa zangu zimekaa katika ubaridi wao, nilimkumbuka mtu aliyekuwa amefunga biashara yake ili ziwe hivyo, na hakuwa ameniomba hata karatasi yenye mhuri.

Siku ya tatu jioni nilimkuta uani na askari aliyevaa saa ya dhahabu. Alikuwa ametumwa na komanda wake. Komanda alikuwa na wageni Jumamosi, na alitaka krem.

“Mwambie komanda barafu iko na kazi,” mama alisema.

“Mama, komanda hapana ulizaka mara mbili.”

“Na mimi hapana jibuka mara mbili. Krem inaweza kungoja. Surua haingojake. Bageni ya komanda banaweza kuya wiki ya kuya, nitabapikia ya vanila na ya nanasi.”

“Noki noki, mama, usinitafutie shida,” askari alisema, akimharakisha kwa Lingala, na sauti yake sasa ilikuwa ya kuomba zaidi kuliko ya kutisha. “Nitamwambia nini?”

“Umwambie vile nimesema. Weye ni mutu wa kubeba maneno, bebea yangu vilevile.”

Niliogopa. Nilimwambia ampikie kidogo tu, sanduku moja tungelipunguza. Alinigeukia kwa ukali, mara moja ile tu katika miaka yote niliyomjua.

“Nani atabaki bila chanjo, mwana wangu? Umuchague weye.”

Nilibeba masanduku yangu, nikatoka.

Kesho yake, siku ya nne, wakaja askari wanne mchana, wakachukua groupe. Hawakupiga mtu, hawakuvunja kitu. Waliiinua kila mmoja na pembe yake, na aliyekuwa nyuma alimwambia mama kwa sauti ya chini, “Utusamehe, mama, ni order.” Alikuwa mmoja wa wale wawili niliowakuta siku ya kwanza kwenye benchi.

Nilipofika jioni, ua ulikuwa kimya hata nikasikia kuku. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi ya wateja, mikono imelala juu ya mapaja, viganja juu. Nilikaa karibu naye. Alisimama, akaingia ndani, akatoka anavuta godoro.

“Shika kule,” aliniambia.

Tulilipeleka godoro lake nyuma, tukalilaza juu ya shimo. Juu yake tukaweka majani ya migomba, safu juu ya safu, na juu ya majani maturubai mawili ya jirani. Alisema kuanzia sasa shimo litafunguliwa mara moja tu kwa siku, alfajiri, na litafunguliwa na yeye. Siku zilizobaki mama alilala juu ya mkeka.

Siku ya tano jioni alitia mkono, akasema, “Tano.” Ilikuwa tano. Siku ya sita asubuhi alipofukua machujo, vipande vilikuwa vimebaki vidogo kama ngumi, vingine kama mayai. Alivikusanya vyote, hata vile vilivyoshikana na vumbi la mbao, akavifunga vyote katika sanduku moja. Masanduku mengine matatu yalikuwa matupu sasa. Tulifanya kazi bila kupumzika. Saa tisa mchana kipimo kilikuwa sita. Saa kumi, saba. Mtoto wa mwisho alikuwa kasichana kamoja aliyekuja mgongoni mwa nyanya yake kutoka mbali, nao walikuwa wamepotea njia. Nilimdunga, akapiga kelele ya kuvunja masikio, na nikaangalia kipimo. Bado saba.

Nilirudi kwa mama na sanduku tupu. Alitia mkono ndani kwa mazoea, akakuta pakavu, akauacha mkono humo kidogo.

“Mumemaliza?”

“Tumemaliza, mama.”

“Aksanti Mungu. Sasa nisaidie nitoe godoro yangu. Inalowana.”

Nilirudi Butembo na uchungu kwa ajili yake. Niliona tumempokonya kazi yake sisi pia, sio komanda tu. Miezi miwili baadaye nilitumwa tena Beni, nikaenda kwake moja kwa moja, nikijiandaa kuona ua mtupu. Nilisikia groupe kabla ya kufika, lakini sasa ilikuwa inakohoa, na moshi mweusi unapanda juu ya marakuja.

Alinieleza huku akizungusha. Komanda, kwa kuwa sasa alikuwa na groupe ya kuendesha frigo yake, aliamua kupikisha krem kambini. Askari wake waligandisha maziwa na sukari ndani ya sufuria. Ikatoka jiwe. Wakalivunja kwa nyundo, wakawapa wageni vipande, na mgeni mmoja wa cheo akaondoka ameshika shavu. Wiki iliyofuata groupe ilirudishwa, imepoteza kifuniko na kamba ya kuwashia, pamoja na salamu: komanda anaomba ya vanila.

“Na ulimpikia?” niliuliza.

“Nilimupikia.”

“Mama! Mutu mwenye alikuibia?”

Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto mwenye akili nyingi.

“Groupe iko kwa nyumba ao haiko?”

“Iko.”

“Bon. Tuendelee. Shika mukono huu, mimi nimechoka.”

Siku ile alinifundisha kuzungusha. Nilifikiri ni nguvu. Kumbe ni sikio. Mwanzoni maziwa yanapiga kelele ndani ya kopo, kisha yananyamaza, kisha mkono unakuwa mzito, na kuna nukta moja ambapo ukiendelea unaharibu. Ilinichukua mwaka kuisikia nukta hiyo. Kila niliposhuka Beni, nilikaa pale uani, na mara nyingi wauguzi wenzangu waliniuliza kama nina mchumba mji ule.

Mchumba nilimpata Butembo, mwalimu, na tulioana vita ilipoanza kupoa na barabara ikafunguka. Nilimwandikia mama barua ya kumkaribisha. Sikumwomba kitu. Siku moja kabla ya arusi, lori la mbao lilisimama mbele ya nyumba yetu, na mama akateremka kutoka mbele, amejifunika maleso mawili na bado anatetemeka. Nyuma, katikati ya mbao, walikuwa wamemfungia ndoo yake na magunia manane ya machujo. Ndani ya machujo, barafu.

“Mama, hapa ni baridi!” nilimwambia, nikicheka na kulia. “Nani atakula krem Butembo mwezi wa saba?”

“Batakula,” alisema, akipuliza vidole vyake. “Mutoto wangu haolewake bila krem.”

Alipika kuanzia asubuhi, nasi tukiwa kanisani. Tulipotoka, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa. Wageni walikaa wamevaa makoti na vitambaa shingoni, na kila mmoja akapewa bakuli. Walitazamana kwanza. Kisha mama mkwe wangu akaonja, akafumba macho, akaonja tena, na kelele za vijiko zikaanza. Mvuke ulikuwa unatoka midomoni mwa watu wote. Mama wa Beni alisimama mlangoni na aproni yake nyeupe juu ya pulova mbili za mume wangu, anaangalia bakuli, sio nyuso, kuhakikisha hakuna linalorudi na kitu.

Lilirudi moja tu. Ndugu mkubwa wa baba mkwe, mzee aliyekuwa hajawahi kushuka Beni maisha yake yote, aliinuka na fimbo yake, akaja mpaka mlangoni, akamshikisha mama bakuli kwa mikono miwili, kwa heshima kubwa.

“Mama,” alisema, “hii chakula yako iko muzuri sana. Iko muzuri kabisa. Mais tafazali, munipashie moto kidogo.”